Uliza Fundi: Windows ya zamani, kompyuta mpya, nani kamkataa mwenzie?

Mwezi huu barua karibu zote zinafanana. Tangu Microsoft wafunge apdeti za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wamebadilisha mashine, na ukishabadilisha mashine ndo unagundua ile programu uliyoizoea haitaki kuhama na wewe. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, majina tumeyaacha kama mlivyoomba.

Mausi imeganda, tumebadilisha tatu

*Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Mbagala, natoa kopi, naprinti kadi na nakata stika za bodaboda na za vioo vya maduka. Kompyuta ya zamani ilikuwa windo seveni, imeungua madabodi, nikajikaza nikanunua desktopu mpya Kariakoo, kor ai faivu kizazi cha 10, ramu 16, na SSD ile nyembamba ya kulala kwenye madabodi. Mashine yangu ya kukata stika programu yake inakubali seveni tu, CD ninayo ila kampuni yenyewe sijui kama bado ipo. Nikamwita kijana apige seveni. Flashi inawaka vizuri, tunafika pale pa kuchagua lugha, mausi imeganda, kibodi imekufa, tumebadilisha mausi tatu. Cha ajabu kule kwenye BIOS mausi hiyo hiyo inatembea! Kijana anasema mashine mbovu nirudishe dukani. Nirudishe?* (Mama Stika, Mbagala)

Usirudishe mama, mashine yako nzima kabisa, na huyo kijana mwambie aache kununua mausi.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta ikiwashwa inaanza na programu iliyochomwa kwenye madabodi yenyewe, ndo hiyo BIOS, siku hizi UEFI, na yenyewe inazijua porti zake za USB, ndo maana mausi inatembea na flashi inasomeka. Setapu ya Windows 7 ikishajipakia kwenye ramu inachukua usukani, na kuanzia hapo inategemea draiva zake yenyewe, na Seveni imetoka Oktoba 2009 wakati USB 3.0 ndo kwanza inaanza kuingia madukani, kwa hiyo ndani yake hakuna draiva ya USB 3.0 hata moja. Ni dereva wa daladala kumwachia gari deiwaka ambaye hiyo ruti hajawahi kuipita. Miaka ya mwanzo haikusumbua kwa sababu Intel walikuwa wanaweka kwenye bodi vidhibiti viwili vya USB, cha zamani na kipya, Seveni inajishikiza kwenye cha zamani maisha yanaendelea. Kuanzia kizazi cha 6 cha prosesa zao, mwaka 2015, kile kidhibiti cha zamani wakakiondoa. Porti zote sasa zinapita kwenye kidhibiti kipya, hata zile nyeusi zilizoandikwa 2.0, kwa hiyo kuhamisha mausi kutoka tundu hili kwenda lile ni kujichosha tu.

Na akilazimisha akasogea mbele atakutana na ujumbe unaosema inakosekana draiva ya CD/DVD. Huo ujumbe umepoteza watu wengi sana, mtu anahangaika mtandaoni usiku kucha anatafuta draiva ya CD wakati mashine haina hata tundu la CD! Maana yake ni kwamba setapu haiioni tena ile flashi iliyotokea. Ugonjwa ni ule ule.

Inatibika? Inatibika. Draiva za USB 3.0 zinapachikwa kwenye flashi kabla ya kuanza, ndani ya faili la boot.wim na la install.wim, Gigabyte na ASRock waliwahi kutoa vijiprogramu vya kufanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja. Njia nyingine, kama desktopu yako nyuma ina ile soketi ya duara ya PS/2, tafuta kibodi ya zamani uichomeke hapo, hiyo haipiti USB kabisa na itaandika muda huo huo, ila flashi bado haitasomeka kwa hiyo utahitaji kuinstoli kwa DVD iliyofungwa ndani kwa kebo ya SATA.

Sasa ukimaliza hapo usidhani umefika. SSD yako ni NVMe, yaani ile ya mtindo mpya wa kuongea na madabodi, na Seveni haina draiva yake, ukifika pale pa kuchagua diski pako patupu. Microsoft walitoa kiraka, kinaitwa KB2990941, nacho lazima kipachikwe kwenye flashi. Ukivuka hapo inakuja picha. Intel hawakutoa draiva ya picha ya Windows 7 kwa kizazi cha 10, kwa hiyo utakaa na skrini yenye herufi zilizovutika na duara linaloonekana yai, na wewe kazi yako ni kuchora stika. Halafu tangu 2017 Microsoft wenyewe walifunga apdeti za Seveni kwenye prosesa za kuanzia kizazi cha 7 za Intel na kwenye Ryzen, unapata ujumbe kwamba chuma chako hakikubaliki. Na ungekuwa umenunua kizazi cha 11 kuendelea hata hapo pa kuchagua lugha usingefika, ungekwama kwenye Starting Windows ile nembo inawaka taratibu mpaka kesho, maana Seveni ili ichore hata picha yake ya kwanza inataka uwezo wa BIOS ya zamani, ule wanaouita CSM, na bodi nyingi za siku hizi zikitumia picha ya ndani ya prosesa uwezo huo hauwaki.

Kwa hiyo ushauri wangu mama, acha hiyo Windows 10 au 11 iliyokuja nayo, usiifomati. Weka VirtualBox, ni ya bure, halafu ndani yake tengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta nyingine inayoishi ndani ya dirisha, humo ndo upige Seveni kwa raha zako. Seveni ikiwa humo inaonyeshwa vifaa vya kizamani vinavyoigizwa, diski ya SATA ya kawaida, kadi ya picha ya kawaida, haijui kabisa kwamba chini yake kuna NVMe. Ipe ramu GB 4 na kor mbili, inatosha na inabaki. Chomeka mashine ya stika, nenda kwenye menyu ya vifaa vya USB ya lile dirisha uitie tiki, hapo inahama kutoka Windows ya nje inaingia kwenye Seveni, ndo uinstoli CD yako. Tumia VirtualBox toleo la 7 kuendelea maana ndani yake USB 2.0 na 3.0 zimo tayari, zile za nyuma zilitaka kiongezo.

Mambo mawili yanakwamisha watu hapa. Moja, kwenye BIOS washa VT-x, ile swichi ya prosesa ya kuendesha kompyuta pepe, kwenye AMD inaitwa SVM, bila hiyo Seveni ya biti 64 haiwaki. Pili, ukiona chini kulia ya dirisha kuna kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa Microsoft wenyewe wa kompyuta pepe, imeshikilia prosesa na VirtualBox inapita njia ya vumbi, Seveni itakuwa nzito mpaka ukasirike. Nenda Windows Security, sehemu ya Core isolation, zima Memory integrity, zima na Hyper-V kwenye orodha ya vipengele vya Windows, washa upya, kobe anaondoka. Unapoteza kinga kiasi kwa kufanya hivyo kwa hiyo kama mashine inakwenda vizuri na kobe wake mwache.

Ikishakubali, kabla hujaanza kazi, piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya kompyuta pepe ilivyo muda huo. Siku Seveni ikiharibika unarudi hapo kwa dakika moja, na hiyo kompyuta ya zamani haikuwa nayo.

Ramu yangu inaliwa

*Fundi nina desktopu ramu GB 16, nimefanikiwa kuweka seveni lakini inasema zinazotumika ni 3.4 tu. Nimebadilisha ramu, imebaki vilevile. Zingine zinakwenda wapi?* (Dodoma)

Haziendi popote, umepiga Seveni ya biti 32. Anwani za biti 32 zinaishia GB 4 na hapo hapo kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinakatiwa sehemu yao, ndo unabaki na tatu na ushee. XP ya kawaida ni hivyo hivyo. Piga ya biti 64, ila angalia na toleo lenyewe, Home Basic inaishia GB 8 na Home Premium 16, Professional inakwenda mpaka 192. Kuna kiraka cha wajanja mtandaoni kinachodai kufungua ramu kwenye ya biti 32, usikiguse, draiva nyingi hazikuandikwa kwa ajili ya hilo, mashine itakuwa inazima katikati ya kazi.

Skrini ya buluu gereji

*Asalaam aleikum fundi wetu. Mie nina gereji hapa Changamwe, napima magari kwa kompyuta. Programu yangu ya magari ya zamani yataka XP na yatumia kebo ya pini tisa. Laptopu ilokuwa na XP imekufa, nimenunua ya ex-UK kor ai seveni kizazi cha nne, nzuri kwelikweli, lakini XP nikiiweka kwa DVD yapakia mafaili yote kisha skrini ya buluu, mwisho imeandikwa 0x0000007B. Nimejaribu DVD mbili. Hii laptopu yaweza XP ama nimetupa pesa?* (Gereji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Pesa hujatupa, ila XP juu ya hiyo laptopu nakushauri uachane nayo.

Hiyo 7B maana yake XP imeamka halafu haiioni diski. XP ni ya 2001, diski inazozijua ni za mtindo wa kizamani wa IDE, laptopu yako inaongea AHCI, mtindo mpya zaidi. Enzi hizo ulikuwa unabonyeza F6 na kuchomeka diski laini yenye draiva, nani anayo leo. Ingia BIOS uangalie sehemu ya SATA, kama kuna chaguo la IDE au ATA badala ya AHCI liweke hilo na 7B itaondoka. Ila ukishaingia ndani hesabu vitu visivyokuwa na draiva ya XP, USB 3.0, picha na mara nyingi hata waifai. Utakuwa na i7 isiyoweza kutumia hata nusu ya ilivyonavyo.

Kwa hiyo kwako pia kompyuta pepe, XP ipe kor moja na ramu MB 1024 na diski ya IDE, ni nyepesi, itawaka kabla chai haijapoa. Pini tisa tumia kebo ya kubadilisha USB kuwa siriali, na hapa usibanie pesa. Zile za bei chee nyingi zina chipu ya kuiga ya Prolific PL2303, na draiva mpya za Prolific zikigundua chipu ni ya kuiga zinaikataa kabisa, unaona alama ya njano na Code 10, unadhani kebo imekatika. Tafuta yenye chipu ya FTDI, na uinunue kwa mtu anayeweza kukurudishia. Ikishakubali kwenye Windows ya nje itapewa jina la porti ya siriali, sema ni COM3, unaiambia VirtualBox hiyo COM3 ndo COM1 ya XP.

Lakini ndugu yangu sikiliza hapa vizuri. Kusoma makosa ya gari na kuyafuta kwa njia hii sawa. Kuandika programu mpya kwenye kompyuta ya gari, hapana! Mawasiliano ya magari ya zamani yana muda wake, gari likiuliza linataka lijibiwe ndani ya milisekunde kadhaa, na ujumbe wako unapita XP, unapita VirtualBox, unapita Windows ya nje, unapita na chipu ya kebo, ikichelewa katikati ya kuandika umebaki na gari la mteja halijui jina lake. Kazi hiyo tafuta laptopu ya kizamani yenye pini tisa ya kweli, Dell Latitude D630 ya 2007 kwa mfano ilikuja nayo na draiva za XP zake zipo. Betri itakuwa imekufa, ichomeke ukutani wakati wote na uiweke isiguse intaneti kabisa.

Programu ya mwalimu

*Shikamoo mwandishi. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, miaka ya tisini aliandika mwenyewe programu ya kujumlisha alama na kupanga nafasi za wanafunzi, kwa Turbo Pascal. Anataka nimwonyeshee wajukuu. Kwenye laptopu yangu ya Windows 11 inakataa hata kufunguka, nikaiweka kwenye Pentium 4 iliyokuwa stoo, inafunguka halafu papo hapo inaandika Runtime error 200 na kufunga. Baba anaapa kwamba hakuna mahali aligawanya kwa sifuri.* (Iringa)

Marahaba, na msalimie mzee, mwambie yuko sahihi kabisa, kosa si lake!

Hii ni moja ya hadithi ninazozipenda. Programu yoyote ya Turbo Pascal iliyotumia kipande kinaitwa Crt (na nani hakukitumia, ndicho kilichokuwa kinaleta rangi na kusafisha skrini) ilikuwa ikifunguka tu, kabla ya mstari wa kwanza wa mzee, inapima kasi ya mashine. Inahesabu prosesa imezunguka mara ngapi ndani ya tiki moja ya saa, milisekunde 55 hivi, kisha inagawanya kwa 55. Jibu lilitengewa biti 16, yaani lisizidi 65,535. Kwa mashine za wakati ule hiyo namba ilikuwa mbali huko. Zikaja prosesa za MHz 200 na kupanda, jibu likafurika, na prosesa ikishindwa kuliweka jibu mahali pake inapiga kelele ile ile inayopiga ukigawanya kwa sifuri. Kwa hiyo programu inakufa kwa sababu kompyuta ina kasi kupita kiasi. Si wao peke yao, Windows 95 yenyewe ilikuwa inagoma kuwaka kwenye AMD K6-2 za MHz 350 kwa sababu za jamii hiyo hiyo mpaka wakatoa kiraka.

Kwenye Windows 11 sababu ni nyingine. Programu ya DOS ni ya biti 16 na Windows za biti 64 hazina tena sehemu ya kuendesha biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

Dawa ni DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS. Iinstoli, tengeneza folda C:\alama uweke humo mafaili ya mzee yote, fungua DOSBox uandike `mount c c:\alama`, kisha `c:`, kisha jina la programu. DOSBox inaigiza prosesa ya polepole kwa hiyo Runtime error 200 hutaiona. Ikiwa nzito sana Ctrl na F12 inaongeza mwendo, Ctrl na F11 inapunguza, ukizidisha mwendo kosa linaweza kurudi. Mzee akitaka kuprinti ripoti chukua DOSBox-X, hiyo inajua kutoa karatasi. Na kama bado ana faili la kodi, lile linaloishia .PAS, lifanyie kopi mahali tatu leo hii kabla hujafanya kingine chochote, diski laini za miaka hiyo hazingoji.

Windows 10 haioni SSD

*Niaje fundi. Nimenunua laptop mpya, kizazi cha 13, imekuja na 11 na mimi sitaki 11 kabisa, menyu imekaa vibaya na inanisumbua na akaunti. Nikaweka flash ya Windows 10, hapo kwa kuchagua disk hakuna kitu, list iko empty. Jamaa wa Luthuli ananiambia SSD imekufa. Si iko mpya?* (Nairobi)

SSD yako haijafa. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinakuja na kitu kinaitwa VMD kimewashwa, ni kama ukuta mbele ya SSD, na setapu ya Windows 10 haina draiva ya kuuvuka. Ama uingie BIOS uzime VMD, ama upakue draiva ya Intel RST, uifungue iwe mafaili matupu kwenye flashi hiyo hiyo, kisha pale list ilipo tupu bofya Load driver uielekeze huko. Mi napenda ya pili kwa sababu kuna laptopu BIOS yake haikupi hata hiyo swichi.

Kabla ya kugusa chochote angalia kama 11 uliyonayo imefungwa na BitLocker, kufuli la Microsoft la diski. Laptopu mpya nyingi zinajifunga zenyewe bila kukuuliza, ukibadilisha mambo kwenye BIOS inakudai funguo ya tarakimu 48. Iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile ile unayolalamika inakusumbua, iandike pembeni kwanza kama ndani kuna mafaili unayoyataka.

Ila ndugu, ungeniuliza kama inafaa ningesema haifai. Kizazi cha 12 na 13 vina kor kubwa na kor ndogo, na Windows 11 ndo iliyoandikwa kujua kazi gani impe nani, 10 inakisia tu. Kama laptopu ina Wi-Fi 6E, ile bendi ya 6 GHz hutaipata kwenye 10. Apdeti za kawaida zimekwisha, zile za nyongeza kwa watu wa kawaida mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Unafanya kazi yote hiyo kwa ajili ya menyu, na menyu kuna vijiprogramu vya kuirudisha ya zamani, Open-Shell ni ya bure.

Mimi siingii saiti za ajabu

*Fundi acheni kutisha watu. Natumia windo seveni ofisini mpaka leo, sifungui saiti za ajabu, sibofyi link za watu, nina antivairasi. Hatari iko wapi?* (Arusha)

Hatari ni kwamba si kila kirusi kinasubiri ubofye. Mei 2017 ilikuja WannaCry, ilikuwa inapita kwenye mtandao wa ofisi kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia huduma ya kushirikiana mafaili, hakuna aliyebofya kitu, hospitali za Uingereza zikasimama. Na watu wanasema XP XP, lakini nyingi zilizoangukia mle zilikuwa Windows 7 ambazo kiraka chake kilishatoka Machi ya mwaka huo huo, wenyewe hawakukiweka. Sasa wewe viraka vya bure vimeisha tangu 14 Januari 2020, yaani kikitoka kingine cha aina ile hakuna hata cha kuchelewa kukiweka.

Halafu brauza. Chrome ya mwisho kwa Seveni ni 109, ya mwanzoni mwa 2023. Firefox ya mwisho kwa Seveni ni 115, ile ya kuhudumiwa muda mrefu. Kama kwenye hiyo mashine unafungua benki au mfumo wa malipo ya serikali, hapo sina lugha ya kupamba, acha. Kama ni kwa ajili ya programu moja ya stoo, chomoa kebo ya mtandao, zima waifai, mafaili yatoke kwa flashi inayopimwa kwenye kompyuta nyingine, na utaendelea nayo mpaka chuma kichoke. Antivairasi uliyonayo ifungue uangalie tarehe ya apdeti ya mwisho, huenda ikakushangaza.

Mac mpya, Mojave ya zamani

*Niko Muscat, nimenunua MacBook Air ya M3 na programu yangu ya kupanga kurasa ni ya biti 32, inahitaji Mojave, ule mfumo wa Mac wa zamani. Naweza kuirudisha nyuma?* (Muscat)

Huwezi, na huku hakuna ujanja wa flashi. Mac kwa kawaida haikubali mfumo wa zamani kuliko ule iliozaliwa nao, Air ya M3 ilitoka 2024 na Mojave ni ya 2018, tena iliandikwa kwa prosesa za Intel tupu, chipu za M zilianza Novemba 2020 na mfumo wa Big Sur. Kuiigiza kwa UTM, programu ya kompyuta pepe ya Mac, inawezekana kwa kutazama tu, kazi ya kupanga kurasa hutaifanya humo, ni nzito mno. Programu za biti 32 zilifutwa kabisa na Catalina, mfumo uliofuata Mojave, mwaka 2019, kwa hiyo tafuta Mac ya Intel ya kabla ya hapo, MacBook Pro ya 2015 inachukua Mojave bila maneno na ina matundu ya kutosha. Ukikutana na ile ya inchi 16 ya mwisho wa 2019 ipite, hiyo tayari ilikuja na Catalina.